Nyumba ya Tofali Iliyosiribwa Kila Krismasi

Tofali la kuchoma linakunywa maji. Shikeni hilo kwanza, wanangu, mengine tutaelewana taratibu. Mvua ikinyesha linakunywa, jua likitoka linayatema. Ukilizuia kutema, linakufa. Nawaona nyinyi mafundi wa siku hizi hapa Busia mnavyopanga tofali kavu kama lilivyotoka kwenye lori, mnabandika sementi, mnapiga picha na simu, na mwaka haujaisha ukuta una nyufa. Nikisema, mnaniita mzee wa kelele. Sawa. Nimestaafu, nina kiti changu nyuma ya duka la binti yangu, goti la kushoto halitaki tena ngazi, na kelele ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Naitwa Barasa, Msamia wa Lumino, na kazi yangu ilikuwa uashi tangu ujana. Nimejenga upande wa Uganda na upande wa Kenya, nikivuka mpaka na mwiko ndani ya koti kama mwingine anavyobeba kalamu. Nimejenga maduka, makanisa, na vyoo vingi ambavyo hakuna anayenishukuru kwavyo ingawa vinatumika kila siku. Lakini mkiniuliza kazi gani hunifanya nicheke peke yangu mpaka binti yangu anaulizia afya yangu, ni nyumba moja ya Mzungu kule Kirewa. Nayo sikuitwa kuijenga. Niliitwa kuibomoa.

Kabla sijafika huko, lazima mumjue Mzee Egesa, maana bila mafundisho yake ningeibomoa kweli, na ningemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Egesa ndiye aliyenifundisha kazi pale Lumino. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa na pima maji. Alikuwa na timazi ya uzi na jiwe, na macho yake. Alichukua tofali mbili, akazigonganisha karibu na sikio lako, akakuuliza, "Linasema nini?" Lililoiva linalia kama sufuria. Bichi linasema pu, limekwisha. Ukijibu vibaya, unarudishiwa kazi ya kuchota maji. Nilichota maji mengi sana.

Yeye alijifunza kwa mafundi waliowajengea Wazungu, na alikuwa na mambo yake ambayo sisi tuliona ni ya kizamani. Ukuta mnene alitaka upangwe vichwa na mbavu, yaani mstari mmoja tofali zinalala kwa urefu wake, mstari wa juu yake zinageuka zinaingia ndani zikionyesha vichwa tu, ili uso wa nje na uso wa ndani wa ukuta ushikane mikono. Na udongo wa kushikishia, alisema, lazima uwe mpole kuliko tofali. Ukuta ukitikisika, acha udongo ndio uumie, kwa sababu udongo unakwanguliwa unawekwa mwingine, lakini tofali likipasuka umeharibu mwili wenyewe. Kwa hiyo alipenda chokaa ya Tororo, ile inayochomwa kutoka kwenye mawe ya vilima vyetu, na sementi aliiita unga wa wenye haraka.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Wandera, ambaye mpaka leo yuko hai na atakanusha haya yote. Tulijenga tao juu ya dirisha la duka moja pale Masafu. Tao, kama hamjawahi kujenga, na najua hamjawahi, linapangwa juu ya kalibu, yaani umbo la mbao la kulishikilia, na kalibu haiondolewi mpaka tao lishike. Mchana ukafika, Wandera akatafuta kitu cha kukalia ale. Akaona ubao mzuri. Akauvuta. Tao lote likashuka, na mama aliyekuwa anatupikia maharage chini ya dirisha akabaki ameshika mwiko wa kupikia, sufuria imejaa tofali. Egesa alichungulia ndani ya sufuria akasema, "Wandera, ungeuliza kwanza kama mama ametia chumvi." Halafu tukajenga upya, kwa njaa.

Haya, sasa Kirewa.

Ni miaka michache tu iliyopita, goti likiwa bado linanitii. Alinipigia simu mtu anaitwa Okoth, wakala wa forodha hapa mpakani, mtu wa heshima, shati lake limenyooka hata saa kumi jioni. Akasema, "Mzee, nina nyumba ya zamani kwetu nataka ishuke kabla ya mvua. Ukuta wa upande umevimba. Mama yangu analala nyuma ya ukuta huo na hataki kutoka. Injinia wa wilaya amekuja ameangalia, amesema asilale mtu mle. Mimi silali, mzee. Kila mawingu yakikusanyika napiga simu kumuuliza kama yuko nje."

Alishamjengea mama nyumba nyingine papo hapo uani, ya bloki, mabati mekundu, milango ya chuma, vigae sakafuni. Mama alikuwa ameifanya ghala la karanga.

Tukaenda, mimi na Wandera na vijana wetu, tumebeba nyundo na mitaimbo. Na nilipoiona ile nyumba nikamwambia dereva asimame kwanza barabarani.

Mzungu aliyeijenga alikuwa mfugaji, na inaonekana alikuwa na hamu ya kwao kupita kiasi, kwa sababu aliijenga kama vile angeamka asubuhi akute yuko Uingereza. Tofali nyekundu kila mahali. Ghorofa hapana, lakini paa limepanda mwinuko mkali kama mikono ya mtu anayesali. Paa la namna hiyo, Egesa alituambia, ni la kumwaga theluji. Basi lile la Kirewa linangoja theluji mpaka leo. Madirisha ni madogo, kila moja lina tao lake juu, tofali zimechongwa upande mmoja ziwe nyembamba ili zibanane. Na dohani mbili, moja kila upande wa nyumba, kwa sababu sebuleni kuna meko ndani ya ukuta, na chumbani kuna meko mengine. Moto wa kuota, katika nchi hii ambayo hata mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi. Kwenye meko ya sebuleni alikuwa anaatamia kuku. Dohani ya chumbani ilikuwa na nyuki, na familia ilikuwa ikipata asali pasipo kutoka nyumbani.

Lakini kazi yenyewe! Vichwa na mbavu, mstari kwa mstari, mpaka juu kwenye ncha ya paa. Kwenye kona hakuna tofali lililokatwa kwa kubahatisha. Wandera alivua kofia. Mimi sikumcheka, kwa sababu yangu nilikuwa nimeshaivua.

Mzungu alipoondoka nchini, boma lilibaki kwa msimamizi wake wa ng'ombe, Mjapadhola wa hapo hapo. Mwanawe akaoa, na huyo mke ndiye Mama Nyaketcho, mama yake Okoth, ambaye sasa ni mjane na ndiye tuliyemkuta mlangoni.

Alitusalimia vizuri sana. Akatuletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Akauliza habari za Lumino, akauliza nina watoto wangapi, akaniambia nyinyi Wasamia munapenda samaki mpaka munanuka ziwa. Nikajua nimefika kwa mtu. Tulipomaliza chai akachukua kiti, akaingia nacho chumbani, akakiweka katikati ya chumba kile chenye ukuta uliovimba, akaketi, akafunga kitenge vizuri magotini.

"Sasa fundi," akasema, "kama munabomoa, bomoa. Mimi niko hapa, sina haraka."

Nimefanya kazi na watu wagumu. Nimejengea mchungaji aliyetaka mnara usio na msingi. Lakini yule mama alinishinda nguvu bila kupandisha sauti. Nikamwambia, "Mama, nipe ruhusa niangalie ukuta tu. Nyundo naziacha nje." Akasema, "Angalia. Macho hayavunji."

Wanangu, ukuta ukiuangalia usianze na uvimbe. Uvimbe ni kilio tu, ugonjwa uko kwingine. Nilianza chini. Ukuta ule wa upande, pamoja na ule wa mbele, ulikuwa umepigwa lipu ya sementi, nene, laini, imepakwa rangi ya krimu. Niligonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Wazi ndani. Lipu ilikuwa imejitenga, imesimama peke yake kama ganda. Nilichokoa kipande kidogo chini karibu na ardhi, na tofali la nyuma yake likatoka mkononi mwangu kama mandazi yaliyoanguka kwenye chai. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini na mengine yanaingia juu kupitia nyufa, na yakishaingia hayana pa kutokea, sementi imefunga mlango. Chokaa ya zamani katikati ya tofali ilikuwa imegeuka uji. Hapo ndipo ukuta ulipoanza kuinama.

Nikazunguka nyuma. Huko kuna kibanda cha kuhifadhia mahindi kimeegemea nyumba, na ukuta ulio nyuma ya kibanda hauonekani mpaka uingie na kuinama. Lipu haikufika huko. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo, safu juu ya safu juu ya safu, rangi ya majivu, umesiribwa kwa mkono kama wanawake wetu wanavyosiriba nyumba za udongo. Nilikwangua. Tofali la chini lilikuwa kavu, jekundu, zima. Nililigonga likalia kama sufuria. Nyumba ile ile, mvua ile ile, ardhi ile ile.

Nilirudi kwa Mama Nyaketcho, bado yuko kwenye kiti chake.

"Mama, nani anasiriba kule nyuma?"

"Mimi."

"Nyumba ya tofali?"

Akacheka. Akaniambia alipoletwa pale akiwa bibi harusi, Krismasi ya kwanza ilipokaribia, mama mkwe wake alimpa ndoo ya udongo wa kichuguu, majivu na mavi ya ng'ombe, akamwambia siriba. Yeye naye aliona aibu, majirani wangesema nini, nyumba ya Mzungu inasiribwa kama jiko? Mama mkwe akamwambia nyumba ni nyumba, na Krismasi haiwezi kukuta ukuta una uso wa mwaka jana. Basi wakasiriba, kuta zote, nje, kila Desemba. Mvua inaosha udongo, wao wanarudisha. Hakuna aliyekuwa anafikiria habari ya kunywa wala kutema. Walikuwa wanapamba nyumba kwa ajili ya sikukuu, na kumbe walikuwa wanaivalisha shati linalopitisha hewa.

"Na sementi ilikuja lini?" nikauliza.

Aliinuka, akaenda mlangoni kuangalia kama kuna mtu, akarudi.

"Fundi, wewe una watoto. Sikia. Huyu Okoth alipopata kazi mpakani, pesa ya kwanza hakununua kiatu. Alileta fundi na sementi kwa lori. Alisema mama, magoti yako yanauma, hutasiriba tena, nimekupumzisha. Aliniambia nikae kwenye kiti niangalie. Nilikaa nikaangalia. Alifurahi mpaka akaimba." Akapangusa kiti kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Mvua ya kwanza tu nilijua. Nililala nikasikia harufu ya ukuta, ile harufu ya mtungi. Haikuwa hivyo zamani. Nilijua."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake inakula nyumba?" Akanitazama machoni. "Na wewe usimwambie. Mwambie nyumba imezeeka. Mwambie mama mkaidi. Hiyo ameshazoea."

Nikakubali. Ungekataaje? Lakini nilitoka pale nikiwa na mzigo, kwa sababu nilijua huwezi kuokoa ukuta ule bila kuitoa lipu yote, na huwezi kuitoa lipu yote bila mwenye lipu kuuliza kwa nini.

Kesho yake alikuja injinia wa wilaya, binti mmoja anaitwa Nabwire, buti zimejaa matope, kofia ya plastiki. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Mimi huwa najiandaa. Nikamwambia ukuta huu hauhitaji kubomolewa nyumba nzima. Akasema, "Ndiyo, mzee, hata mimi sikusema nyumba nzima. Nilisema asilale mtu." Nikamwambia sementi ndiyo adui. Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia chokaa. Akasema ndiyo, na akaniuliza nitaiweka kwenye shimo muda gani kabla ya kuitumia, na kama nina magunia ya kutosha ya kufunika ukuta usikaushwe na jua. Mambo yale yale ya Egesa, kutoka kwa mtoto ambaye Egesa alikufa kabla hajazaliwa. Nilikosa mtu wa kubishana naye siku nzima, na nikasononeka kidogo, nisiwadanganye. Tukakubaliana: tuegemeze paa kwa magogo ya mkaratusi, tushushe ukuta ule hadi chini ya dirisha, tusafishe tofali nzima tuzirudishe, na zilizokufa tuzibadilishe. Masharti yake yalikuwa mawili tu. Mama ahame chumba mpaka kazi iishe, na ukuta usimame kabla ya mvua kubwa. Usipowahi, nyumba inashuka.

Mama Nyaketcho aliposikia kwamba atarudi chumbani kwake kazi ikiisha, alihamia kwenye nyumba ya bloki siku hiyo hiyo, akalala katikati ya karanga.

Mgumu alikuwa Okoth. Alikuja jioni akasimama mbele ya ukuta, mikono mfukoni. "Mzee, mimi nimekuita ubomoe. Sasa unaniambia ujenge. Mimi sitaki kuzika mama yangu na tofali za Mzungu." Nikamwambia hata mimi sitaki. Akauliza, "Na kama ule wa kwanza ulioza, huu wako wa chokaa utakosaje kuoza? Ule uliharibiwa na nini?"

Wandera akakohoa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma, ananitazama.

"Maji," nikasema.

"Maji yaliingilia wapi?"

"Juu na chini."

Alinitazama kama anavyomtazama dereva wa lori anayesema mzigo ni maharage. Lakini akasema nitoe lipu kwanza, aone kilicho chini, ndipo ataamua. Nikapumua.

Tukaanza na chokaa, kwa sababu inahitaji kupumzika. Sikieni vizuri hapa. Mawe ya chokaa yaliyochomwa, ukiyatia maji, yanachemka. Yanachemka kweli, bila moto, yanaweza kukuunguza jicho likapofuka. Unachimba shimo, unatia maji kwanza, unaongeza mawe kidogo kidogo, unasimama mbali upande wa upepo, unakoroga kwa mti mrefu, halafu unaifunika iive polepole. Wandera, na umri ule, akaona shimo ni kazi. Akatia mawe na maji ndani ya jerikeni ya plastiki, akafunga kifuniko ili, nanukuu, joto lisipotee. Tulikuwa tunakunywa chai. Jerikeni ikavimba ikawa na tumbo. Nikapiga kelele watu wakimbie, tukakimbia, ikalipuka. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, lakini kuku wote wa Mama Nyaketcho wakawa weupe, pamoja na jogoo aliyekuwa mwekundu tangu kuzaliwa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Wandera alichimba shimo peke yake bila kuambiwa.

Siku ya kutoa lipu, Okoth alikuja. Alikuwa na likizo, akasema atasaidia, akavua shati lake lililonyooka na kuchukua nyundo na patasi. Sikuweza kumkataza. Alianza kwenye kona ya mbele, mimi nikajifanya nina kazi kwenye ngazi. Vipande vikubwa vya sementi vilidondoka, na kila kipande kilitoka na uso wa tofali umeganda nyuma yake, kama ngozi. Akashika kimoja, akakigeuza. Akachokoa tofali kwa kidole, kidole kikaingia. Akaendelea taratibu kuelekea nyuma, akifuata lipu yake mpaka pale ilipoishia, kwenye kibanda cha mahindi. Nilimsikia anasogeza magunia. Kisha sikumsikia tena.

Nilishuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta uliosiribwa, kiganja chake juu ya udongo, na chini, pale nilipokuwa nimekwangua, tofali jekundu zima linamtazama. Akaangalia kulia, lipu. Akaangalia kushoto, udongo. Mtu wa forodha ana akili ya kulinganisha vitu. Sikumwambia neno, na hakuniuliza. Alivaa shati juu ya vumbi, akaingia kwenye gari, akaondoka bila kuaga mama yake.

Hakuja siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Alinipigia simu mara moja tu akasema, "Endelea, mzee, jenga," akakata. Sisi tukajenga. Tulilowesha kila tofali kwenye ndoo mpaka liache kutoa mapovu, ndipo tukalipanga, vichwa na mbavu. Tulifunika ukuta kwa magunia mabichi, tukayanyunyizia maji asubuhi na jioni kama watu wanaolea mche. Kazi ilikuwa tamu, nisiwafiche, ile kazi ya mkono kujua unachofanya bila kichwa kusema. Lakini Mama Nyaketcho alikuwa haleti tena utani wa samaki. Alikuwa anakaa uani anaangalia barabara. Kila pikipiki ikipita anainua kichwa. Chakula alitupakulia sisi, yeye akisema ameshakula, na hakuwa amekula.

Siku moja nilimwambia, "Mama, sikumwambia mimi."

"Najua. Ukuta umemwambia." Akachambua karanga kidogo. "Ungeanguka tu, ingekuwa afadhali."

Tulimaliza mawingu yakiwa yamesimama juu ya mwamba wa Tororo. Injinia Nabwire alikuja, akapima, akagonga, akazunguka mara mbili, akasema mama anaweza kurudi. Tukabeba kitanda. Mama aliingia chumbani, akasimama katikati, akanusa. Mimi nilingoja aseme kitu juu ya kazi yangu, kwa sababu nami ni binadamu. Akasema, "Inanuka vizuri," kwa sauti ya mtu anayewaza jambo jingine.

Tulikuwa tunafunga magogo gari la Okoth lilipoingia. Akashuka mikono mitupu. Alikuwa amekonda usoni. Alimkuta mama yake mlangoni.

"Mama," Okoth akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Miaka yote hii. Nimekuita mkaidi mbele ya watu. Nimekuletea injinia. Nimekuletea watu wa nyundo. Na ulikuwa unajua ni mimi niliyeharibu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. "Kwa nini hukuniambia tu?"

Mama Nyaketcho alikitazama kitenge chake, akakikunja pembeni, akakikunjua.

"Kabla ya sementi ulikuwa unakuja Krismasi," akasema. "Baada ya sementi ukawa unakuja kila mwezi. Ukishuka tu, unaenda kushika ukuta wako, unaupapasa, unacheka, ndiyo unakuja kunisalimia. Mimi nakuangalia dirishani. Ningekuambia umeoza, Okoth, ungekuwa unakuja kushika nini?"

Wandera alikuwa ameshika kamba ya magogo akaiacha ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

Okoth akasema, "Ningekuja kwako, mama. Kwako tu."

Yule mama alimtazama mwanawe kama mtu aliyeambiwa kitu ambacho hakuwahi kukihesabu. Kisha akasogea mlangoni kumpisha.

"Basi ingia," akasema. "Sijala bado."

Mimi na Wandera tuliingiza miiko kwenye gunia, tukawaashiria vijana wapande gari, tukaondoka bila kuaga.